Sura Iliyoshonwa

Kwa miaka sita, kila ilipofika saa tisa alasiri, Vifungo aliweka sindano chini, akanawa mikono, akaenda kumsomea mama mkwe wake kitabu. Si vitabu, kitabu. Kimoja, kilekile. Kikifika mwisho leo, kesho kinaanzwa tena ukurasa wa kwanza, na wote wawili hukaa vizuri kwenye viti vyao kama watu wanaosubiri habari ambayo hawajapata kuisikia.

Mtaani walimwita Vifungo kwa sababu ya kazi yake. Mafundi cherehani watatu wa barabara ile walimletea mashati ya sare za shule, naye akayatoboa na kuyashonea matundu ya vifungo kwa mkono, mshono mfupi wa kubana ambao hata mtoto mtundu haufumui. Mumewe alikuwa fundi bomba. Aliteleza juu ya tangi la maji la jengo la ghorofa tatu, na maisha yao ya ndoa yakaishia hapo. Vifungo hakurudi kwao. Alibaki na mama wa marehemu, ambaye mwaka uleule macho yake yalianza kufunga duka, moja kwanza, la pili baadaye.

Kitabu chenyewe kilikuwa na kurasa mia tatu na kidogo, na jalada lake lilibandikwa juu chini, hivyo asiyejua akikishika huanza kwa kukigeuza. Kasoro hiyo ndiyo iliyokileta nyumbani. Mama mkwe alifanya kazi miaka ishirini na saba katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha nyuma, kwenye meza ya wanawake waliokusanya kurasa na kuzishona ziwe vitabu. Msimamizi alipotaka kukitupa, yeye alikiomba, akakitia kikapuni, akaondoka nacho mchana kweupe.

Kilisimulia habari za mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na reli, wanawe watatu wa kiume, saa ya ukutani iliyopotea, na karani mpole aliyekuja kulala siku mbili akakaa miaka miwili. Karani ndiye aliyeiba saa. Hakuna anayeharibiwa kitu kwa kuambiwa hivyo. Mama mkwe mwenyewe alipomwazima Vifungo kitabu hicho, mwaka alioolewa, alimwambia kabla hajakifungua, "Mwizi ni karani. Sasa soma bila haraka." Vifungo alikuwa msichana wakati huo. Alikisoma mbio, akakirudisha keshokutwa yake.

Mama mkwe aliamini kwamba mtu akisoma kitabu mara ya kwanza huwa anakimbia kama aliyesikia king'ora, anataka kujua nani kafanya nini. Mara ya pili ndipo anakaa. Sasa anajua karani ni mwizi, basi anamwangalia anavyokoroga chai, na kumbe mkono ulikuwa unamtetemeka tangu ukurasa wa ishirini. Mara ya kumi anamwonea huruma. Mara ya ishirini anamchukia tena, safari hii kwa sababu nzuri zaidi.

Ila Vifungo alikuwa na siri moja ndani ya kitabu kile. Mwezi wa tatu baada ya mazishi ya mumewe walifika sura ya kumi na moja, na jicho lake likaanguka kwenye neno "paa" mstari wa kwanza. Hapo akakumbuka. Mtoto wa pili wa yule mama wa nyumba ya wageni ni fundi paa, na katika sura hiyo anaanguka, anakufa. Akashika kurasa zote za sura ile kwa vidole viwili, akazigeuza kwa pamoja, akaanza sura ya kumi na mbili kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mama mkwe aliomba maji tu.

Asubuhi yake, mama mkwe akiwa bafuni, Vifungo alichukua sindano akazishona kurasa zile ukingoni, mshono wa tundu la kifungo, asije akajisahau siku moja mkono ukamfungulia mlango ule. Alimwomba Mungu amsamehe kama kuficha ni sawa na kusema uongo. Hakusikia jibu, akachukulia kwamba amesamehewa.

Hivyo ndivyo walivyoishi, wakiruka kutoka ya kumi kwenda ya kumi na mbili, mpaka Meneja alipoingilia kati.

Meneja alikuwa mtoto mkubwa wa mama mkwe, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alisimamia duka la magodoro lenye wafanyakazi wawili, mmoja wao akiwa likizo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa vitu vipya: simu mpya, viatu vipya, hata namna ya kusalimia aliibadilisha kila mwaka. Sebuleni kwake kulikuwa na televisheni pana kama mlango wa gereji, na kila jioni aliangalia filamu ambayo hajaiona, kidole kwenye rimoti, akiruka sehemu ambazo watu wanazungumza. Ukimuuliza kesho yake ilihusu nini, atakwambia ilikuwa kali sana. Nyimbo za mwaka jana aliziita za wazee. Yeye alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja kuwasalimia, akakuta karani anakoroga chai.

"Mama, kitabu hiki tena?" alisema. "Kujirudiarudia ni kudumaa. Akili inataka maudhui mapya." Neno maudhui alilipata kwenye semina, na tangu siku hiyo hakulipa mapumziko.

Mama mkwe alimuuliza kama jana alioga. Akasema alioga.

"Na leo?"

"Na leo, mama."

"Maji yaleyale, mwili uleule. Na wewe hujadumaa?"

Vifungo aliinamisha uso kwenye kitabu alichokuwa amekishika. Alifikiria sala aliyofundishwa na mama yake akiwa na miaka mitano. Asubuhi ile pia aliisali, neno kwa neno, na hakuwahi kusikia kwamba Mungu amelalamika kuwa hiyo keshaisikia.

Meneja alijitia hamnazo. Aliinuka kama anayekwenda kunywa maji, akaingia chumbani kwa Vifungo, na kutoka sebuleni wote wawili walisikia futi ya chuma ikivutwa na kujirudisha, ikivutwa na kujirudisha. Aliporudi alikuwa na mpango kamili. Duka lilitarajia mzigo mkubwa na stoo ilikuwa imejaa mpaka dari. Chumba kile kilitosha magodoro arobaini kama yatasimamishwa. Shemeji naye, alisema akimgeukia Vifungo kwa sauti ya kubembeleza, bado ana nguvu zake na ana kaka yake, hapaswi kujifungia hapa miaka nenda rudi kwa ajili ya kusoma. Wa kupika na kufagia atapatikana, atakuja asubuhi na kuondoka jioni. Na kusoma siku hizi hakuhitaji mtu.

Vifungo alimjua vizuri huyo kaka yake aliyesemwa. Aliishi safari ya siku mbili kutoka hapo, vyumba viwili, watoto saba, na mke ambaye kila wakizungumza kwa simu alipata nafasi ya kutaja kwamba nyumba ni ndogo, hata kama wanazungumzia mvua. Kule hakukuwa na kona ya kuweka hata kikapu cha nyuzi.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," mama mkwe alimjibu mwanawe, "anayenisomea ndiye mwenye chumba kile."

"Basi nitakuletea msomaji asiyechoka. Kama unataka kitabu hichohicho, utakipata hichohicho, ndani ya spika. Unabonyeza tu."

Vifungo alitegemea kusikia jibu kali. Badala yake mama mkwe alipangusa magoti yake na kusema alete huyo spika wamsikilize wiki moja, sura mbili kwa siku, kisha Jumamosi wakae waamue. Moyo wa Vifungo ukashuka mpaka kwenye kandambili. Meneja akakitia kitabu kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka nacho akipiga mluzi wimbo wa wiki ile. Gari lilikuwa limeshakata kona Vifungo alipokumbuka mshono.

Wakakaa wiki mbili bila kitabu. Saa tisa ikifika, mama mkwe alimwambia asimulie tu, na Vifungo akasimulia kwa kichwa, akashangaa jinsi alivyojaa mambo: rangi ya pazia la chumba cha karani, idadi ya ngazi, jina ambalo mtoto mdogo alimwita paka. Alipomaliza ya kumi aliendelea na ya kumi na mbili. Hata kichwani alikuwa ameishona.

Msomaji aliyetafutwa na Meneja aliitwa Kipaza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani ndani ya gari la matangazo, akitangaza dawa ya mende, mikutano ya hadhara na kuku wa bei nafuu, yote kwa sauti moja. Ndiye aliyekuja kurudisha kitabu. Alisimama mlangoni, akamkabidhi Vifungo huku akilalamika kwamba kuna mwendawazimu alizishona kurasa kadhaa, na ilibidi azifungue kwa wembe.

"Ni mimi," Vifungo alisema.

Kipaza akakohoa. Akasema mshono wenyewe lakini ulikuwa mzuri, haujapata kumsumbua mshono kiasi kile.

"Umeisoma yote? Hiyo iliyoshonwa?"

"Dada, mimi nikilipwa kusoma, nasoma. Hata ukishona mdomo."

Jumatatu spika ikawekwa juu ya stuli mbele ya mama mkwe. Ilikuwa nyeusi, ndogo kama kopo la maziwa, ikiwaka taa za bluu ambazo mwenye macho mabovu hakuzihitaji. Vifungo akabonyeza, na Kipaza akaingia chumbani kwa nguvu zake zote.

"Suuuura ya kwanza!" alitangaza, na kuku wa jirani wakahama.

Mama wa nyumba ya wageni, ambaye kwa Vifungo alikuwa mtu wa maneno machache, sasa aliwakaribisha wageni kama anayewauzia kiwanja. Karani alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi stendi. Chai ilikorogwa kwa kishindo. Na sura ilipokwisha, kabla ya nyingine kuanza, muziki ukalia na Kipaza akauliza kama msikilizaji amechoka na kama mgongo unamuuma, akamshauri aende kwenye duka fulani la magodoro, karibu na kituo cha mafuta, alale usingizi wa kifalme.

"Huyo naye anatokea wapi?" mama mkwe aliuliza. "Hakuwemo."

Vifungo akamweleza kwamba ni tangazo la duka la Meneja. Mama mkwe akafikiri kidogo, akasema basi kitabu kimepata mtoto wa nne.

Siku zikaenda hivyo. Vifungo alishona matundu yake sebuleni, akisikiliza kazi yake ikifanywa na mwingine, kila sura ikifuatwa na godoro. Mama mkwe hakulalamika wala hakusifu, na hicho ndicho kilichomtia Vifungo hofu. Jumanne alimsikia akicheka mahali ambapo hucheka siku zote, mtoto mdogo anapomvisha paka soksi. Akacheka kwa Kipaza kama anavyocheka kwake. Vifungo alijichoma sindano, akajiambia wivu ni dhambi, akajichoma tena.

Kufika Ijumaa alikuwa ameshapiga hesabu ya sura. Ya kumi na moja ilikuwa ya kesho, siku Meneja atakapokuwepo. Na hapo ibilisi akavuta kiti akakaa karibu naye. Kaa kimya tu, alimwambia. Spika haijui kuruka. Itamsomea mama msiba wa mwanawe mbele ya watu, kwa sauti ya dawa ya mende, mama ataumia, na spika itatupwa nje kabla ya saa kumi. Wewe hutakuwa umefanya kitu. Chumba kitabaki chako, nawe mikono safi.

Lilikuwa wazo zuri sana, na Vifungo hakulifukuza mara moja. Alilifikiria wakati anakunja mashati, akalifikiria alipokuwa anaosha vyombo. Lakini alipopiga magoti kusali alifika kwenye maneno ya kuomba asitiwe majaribuni, maneno ambayo ameyatamka kila siku ya maisha yake, na safari hii yakamgomea kooni, kwa sababu lile wazo lilikuwa limekaa hapo hapo likimsubiri amalize. Akainuka akijua atakachofanya, na akijua kitamponza.

Jumamosi Meneja alifika mapema, amevaa kimeneja, futi ya chuma imening'inia kiunoni, ikigonga mkanda kila hatua, kwani alitaka kuhakikisha na upana wa mlango. Alikuja na Kipaza, aliyetaka kuona wasikilizaji wake. Mkunga mstaafu wa nyumba ya pili, rafiki wa mama mkwe tangu ujana, naye alialikwa kama shahidi, na alikuja na kiti chake mwenyewe kwa sababu havijui viti vya watu. Meneja akatoa hotuba fupi kuhusu dunia inakokwenda. Kisha akabonyeza.

"Suuuura ya kumi na moja!"

Vifungo akavuka chumba kwa hatua mbili, akaizima.

Meneja alimtazama, akamtazama Mkunga, akatabasamu kama mtu aliyeletewa ushahidi mezani. "Shemeji," alisema kwa upole, "wivu mpaka kwa spika?"

"Naomba tuanze ya kumi na mbili," Vifungo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, nakuomba. Hii tuiache."

"Mnaona," alisema Meneja. "Ndiyo maana nasema."

Mama mkwe alikuwa amegeuza uso upande wa Vifungo, kichwa kimeinama kidogo kama anayepima uzito wa kitu. Kisha akasema, "Kaa chini, mwanangu. Bwana spika, endelea."

Vifungo alikaa, akatazama sakafu, na Meneja akabonyeza tena. Kipaza wa kwenye spika akapanda juu ya paa pamoja na yule kijana, akapiga misumari mitatu, akateleza, akaanguka, yote kwa shangwe kubwa. Kipaza wa kweli, pale kwenye kiti, alijikunakuna shingo. Watu wa kitabuni wakakimbilia uani. Mama wa nyumba ya wageni akafika, akapiga magoti. Vifungo alibana meno akisubiri mama mkwe wake avunjike, na hakuthubutu kuinua macho.

Ndipo msibani akaja binamu.

Vifungo hakumkumbuka kabisa. Alikuwa mtu mnene, mfanyabiashara wa mbao, aliyechelewa kufika kwenye mazishi kwa sababu alipitia kwanza kunyoa. Alilia kwa jicho moja, la pili likitembea ukutani. Watu walipoinama kuomba, yeye alichepuka akaingia chumba cha marehemu, akatoa kamba mfukoni, akapima kutoka kona hadi kona na kufunga fundo. Akarudi, akalia tena kidogo. Akatoka akapima upande wa pili. Kisha akamwendea mjane, aliyekuwa hajala tangu jana, akamshika mkono, akampa pole, akamuuliza kama lile dirisha hufunguka kwa ndani au kwa nje, maana ana mbao zake ndefu kidogo.

Mkunga alikohoa. Macho yake yalikuwa yametua kwenye kiuno cha Meneja na hayakuwa na mpango wa kuondoka. Kipaza naye akatazama hapo hapo, kisha akatazama dari. Mabega ya mama mkwe yalikuwa yanatikisika, na Vifungo alipoinua macho hatimaye akaona kwamba halii. Anacheka, mdomo umefumbwa, machozi yanamtiririka.

Meneja alikuwa kwenye simu yake akifungua hiki na kufunga kile. Aliposikia watu wanachekacheka aliinua kichwa, na kwa kuwa hakupenda kuachwa nyuma katika jambo lolote, naye akacheka.

"Huyo binamu noma," alisema.

Binamu akaenda zake na kamba yenye mafundo mawili. Mama wa nyumba ya wageni akabaki uani, akafua shati la kazi la mwanawe, akalianika, akakaa kulitazama likikauka. Sura ikaishia hapo. Muziki ukalia.

"Umechoka?" aliuliza Kipaza wa kwenye spika. "Mgongo unauma? Njoo ulale usingizi wa kifalme, usingizi usio na mwisho!"

Hakuna aliyeifikia spika haraka. Ilitaja rangi zote za magodoro, ikataja na unene. Kipaza wa kweli ndiye aliyeinuka akaizima, akabaki ameikumbatia kifuani kama mtoto aliyejisaidia ugenini.

"Mwanangu," mama mkwe alimwambia Meneja, akijifuta macho kwa kitambaa, "huyo kijana aliyekufa alikuwa mtoto wa ngapi?"

Meneja akasita. "Wa kwanza?"

"Wa pili. Kama mdogo wako. Na binamu alikuwa ameshika nini?"

"Kamba, mama."

"Na wewe umeshika nini?"

Meneja alikuwa hajashika kitu isipokuwa simu, akataka kusema hivyo. Kisha akafuata macho ya Mkunga mpaka kiunoni kwake. Kwa mara ya kwanza katika maisha ya Vifungo, alimwona shemeji yake akirudia jambo kichwani, polepole, kutoka mwanzo, binamu anaingia, binamu anachepuka, binamu anatoa kamba. Masikio yakamwiva. Akaifunika futi kwa mkono kama mtu ambaye shati limemchomoka.

"Mimi nilitaka kukurahisishia tu," alisema.

"Najua. Magodoro yako kayaweke kwako sebuleni, mbele ya ile televisheni, huitazami vizuri hata hivyo. Chumba kile kina mtu." Akageukia upande alikosikia kiti cha Mkunga kikilalamika. "Spika mpe huyu. Ana nyimbo za harusi yake, tangu kaseti ife hajazisikia."

Mkunga akasema yeye hapendi vitu vya kupewa, akaipokea, akaitia kwenye mfuko wa gauni. Kipaza aliomba kujua kama angalau mlio wa sauti ulikuwa mzuri. Mama mkwe alimwambia kwamba akifa angependa yeye ndiye autangaze msiba wake, hakuna atakayesema hakusikia. Kipaza akashukuru, akaondoka bila uhakika kama amesifiwa.

Walipobaki wawili Vifungo alikusanya vikombe, akavipanga, akavipanga upya.

"Kaa," mama mkwe alisema. "Uliishona kwa uzi gani?"

Vifungo akakaa. "Mweupe. Wa mashati."

"Miaka ishirini na saba nimeshona kurasa za vitabu, mwanangu. Halafu wewe unanishonea kitabu changu, unaniwekea mezani, unadhani sitajua. Nilikishika asubuhi ileile. Mshono mzuri, nikasema, ila si wa kitabu."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambiaje. Ulikuwa unalia bafuni ukidhani maji yanafunika. Nikasema mwache ajifunike, akipata joto atafungua mwenyewe." Akakunja kitambaa chake. "Sikujua wewe ni wa baridi ya miaka sita. Umeninyima binamu miaka sita. Ndiye mtu bora kuliko wote mle ndani, kumshinda hata karani."

"Mimi nilikumbuka kuanguka tu. Nilidhani sura nzima ni kuanguka. Huyo binamu hata sikujua kama yumo."

"Kwa sababu ulisoma mara moja. Mbio."

Nje Meneja alikuwa bado anahangaika kuligeuza gari katika uchochoro, akimlaumu mtu kwa simu.

"Haya," mama mkwe alisema, akijiegemeza. "Kumi na moja."

"Si umeisikia sasa hivi?"

"Nimesikia tangazo la magodoro. Soma."

Vifungo akachukua kitabu, akakigeuza, akatafuta mahali. Kingo za kurasa zilikuwa zimechanikachanika kwa wembe, vipande vya uzi mweupe bado vimenasa. Akasoma mstari wa kwanza, akafika kwenye neno paa, akakwama. Mama mkwe hakumsaidia. Akaanza upya, akakwama palepale. Akajipangusa pua kwa mkono wa gauni, akaanza tena, akafika mbele kidogo, akarudi mwanzo bila kuambiwa. Mara ya nne ulimi ukapita penye paa, ukapita penye kuteleza, ukapita penye watu wanaokimbilia uani, sauti ikiwa mbaya, maneno mengine yakitoka nusu. Mama mkwe akamwambia asikimbie, mazishi bado, na yule mwenye kamba ndiyo kwanza yuko kwa kinyozi.